Ushahidi Unaopokelewa na Ushahidi Unaokataliwa: Somo kwa Wakazi wa Kasese na Bwera



Katika mabaraza ya polisi na wananchi, kuanzia mjini Kasese hadi Bwera na Mpondwe, swali moja huulizwa karibu kila mara: "Mtu yule, kijiji kizima kinajua kuwa ni mwizi. Tulimkamata wenyewe, akakiri mbele yetu, tukamkabidhi kwenu. Mbona mahakama imemwachia?" Baada ya swali hilo hufuata minong'ono kwamba polisi wamekula rushwa, au kwamba hakimu amenunuliwa. Rushwa ikiwapo ni kosa la jinai, na anayeifahamu anapaswa kuitolea taarifa. Lakini mara nyingi jibu limo katika jambo jingine ambalo wananchi wengi hawakupata kuelezwa: hakimu haruhusiwi kuhukumu kwa yale yanayojulikana kijijini. Anahukumu kwa ushahidi uliopokelewa mbele yake kwa mujibu wa sheria, na kwa huo tu.

Somo la toleo hili linaeleza ni ushahidi wa namna gani unaopokelewa katika kesi za jinai nchini Uganda, ni upi unaokataliwa, na kwa sababu gani. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni hili: kesi nyingi huimarika au huharibika katika saa za kwanza baada ya tukio, kabla mwanasheria yeyote hajaliona jalada. Katika saa hizo wahusika wakuu huwa ni majirani, mwenyekiti wa LC I, vijana waliokimbilia yowe, na askari wa kwanza kufika.

Mlango na mizani

Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba kila anayeshtakiwa kwa jinai huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, au mpaka yeye mwenyewe akiri kosa mahakamani. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya upande wa mashtaka, na uthibitisho huo hautakiwi kuacha shaka yoyote ya maana. Mshtakiwa anaweza kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi, na kunyamaza kwake hakuwi ushahidi wa kuziba pengo la mashtaka.

Ushahidi unapoletwa mahakamani hupitia hatua mbili, nazo tunaweza kuzifananisha na mlango na mizani. Mlangoni, hakimu au jaji hujiuliza: je, ushahidi huu unaruhusiwa kuingia? Ili uingie ni lazima uhusiane na jambo linalobishaniwa, na usiwe miongoni mwa mambo ambayo sheria imeyapiga marufuku. Ukishaingia, huwekwa kwenye mizani: je, unaaminika, na una uzito gani ukilinganishwa na mwingine? Ushahidi unaweza kupita mlangoni kisha ukaonekana mwepesi kwenye mizani. Lakini ule uliozuiwa mlangoni haupimwi kabisa. Hata kama hakimu ameusikia kwa masikio yake, anatakiwa kuamua kana kwamba haukuwapo.

Tabia mbaya na maneno ya kuambiwa

Turudi kwenye swali la barazani: "Kijiji kizima kinajua kuwa ni mwizi." Kauli hii ina mambo mawili, na yote mawili kwa kawaida huzuiwa mlangoni.

La kwanza ni sifa mbaya ya mtu. Kwa kanuni ya jumla, Sheria ya Ushahidi hairuhusu upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba mshtakiwa aliiba pikipiki hii kwa kuonyesha kwamba siku zote amekuwa mtu mbaya. Kanuni hiyo ina vighairi, kwa mfano pale mshtakiwa mwenyewe anapojitapa kuwa ni mtu wa tabia njema. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mtu aliyewahi kuiba kuku miaka iliyopita ndiye rahisi kuliko wote kubambikiwa ng'ombe aliyepotea leo, na wakati sote tunamnyoshea kidole yeye, mwizi halisi yuko njiani kuelekea sokoni.

La pili ni maneno ya kuambiwa. Sheria inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aeleze alichokiona kwa macho yake, aliyesikia aeleze alichokisikia kwa masikio yake. Mwenyekiti wa LC I akisimama kizimbani na kusema, "Mama mmoja aliniambia kwamba alimwona kijana huyu akisukuma pikipiki saa nane za usiku," wakili atapinga, na ana haki ya kupinga. Mwenyekiti hawezi kuulizwa kulikuwa na mwanga kiasi gani, au mama yule alisimama wapi. Anayeweza kujibu ni mama mwenyewe. Ndiyo maana polisi humsumbua aliyeona aje kuandikisha maelezo, hata kama habari zake zimekwisha kuenea kijiji kizima. Asipofika mahakamani, alichokiona kinabaki nyumbani kwake.

Sheria haidai idadi maalumu ya mashahidi. Shahidi mmoja wa kweli, aliyeona vizuri, anaweza kutosha, ilhali hamsini waliosikia kutoka kwake hawaongezi kitu.

Upo ughairi muhimu ambao jamii inapaswa kuujua, nao ni maneno ya mtu aliyekufa kuhusu sababu ya kifo chake. Ikiwa majeruhi anamtaja aliyemkata panga, kisha akafariki, waliomsikia wanaweza kuyaeleza maneno hayo mahakamani. Mahakama huyapokea kwa uangalifu mkubwa na hutafuta ushahidi mwingine wa kuyatia nguvu, kwa kuwa marehemu hawezi kuulizwa maswali. Basi ukiwa karibu na majeruhi wa namna hiyo, mfikishe hospitali kwanza, na maneno yake yakumbuke kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoitumia. Usiyatengeneze yapendeze zaidi.

Maneno ya kukiri kosa

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. "Alikiri mwenyewe!" Ndiyo, lakini alikiri wapi, mbele ya nani, na akiwa katika hali gani?

Sheria ya Ushahidi ya Uganda inaweka vizuizi viwili. Kizuizi cha kwanza kinatuhusu sisi askari. Maneno ya kukiri yaliyotolewa na mtu aliye chini ya ulinzi wa polisi hayathibitishwi dhidi yake, ila kama yalitolewa mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo cha Inspekta Msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Mtuhumiwa akimwambia konstebo garini, njiani kutoka Mpondwe kwenda kituoni, "Ni mimi niliyefanya," maneno hayo peke yake hayamtii hatiani. Mahakama zimeonya pia kwamba haifai afisa anayepeleleza kesi ndiye aandike maelezo ya kukiri ya mtuhumiwa wa kesi hiyo hiyo.

Kizuizi cha pili kinamhusu kila mtu. Ikiwa mahakama itaona kwamba maneno ya kukiri yalisababishwa na kipigo, nguvu, vitisho, ushawishi au ahadi ya namna inayoweza kumfanya mtu aseme uongo juu ya nafsi yake, maneno hayo hayana nafasi. Kumwambia mtuhumiwa, "Kiri tu, utalala nyumbani leo," kunaharibu ushahidi kama vile fimbo inavyouharibu.

Juu ya hayo ipo Katiba. Ibara ya 24 inakataza mateso na kila tendo la kikatili au la kudhalilisha. Ibara ya 44 inaiweka haki hiyo, pamoja na haki ya kusikilizwa kwa usawa, miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, hata wakati wa hatari ya vita. Mwaka 2012 Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso. Kwa sheria hiyo, taarifa au maneno ya kukiri yaliyopatikana kwa mateso hayapokelewi dhidi ya aliyeteswa katika shauri lolote. Yanaweza kupokelewa katika kesi moja tu, nayo ni ile ya kumshtaki aliyetesa, ili kuonyesha kwamba yalipatikana kwa mateso.

Wananchi wengi hawajui kwamba sheria hii ya 2012 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Inamgusa pia mtu binafsi. Kundi la vijana linalomfunga mtuhumiwa kamba na kumpiga mpaka ataje wenzake linaweza kushtakiwa kwa mateso, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15 jela. Mtuhumiwa akifikishwa kituoni amevimba uso, wakili wake hahitaji ujuzi mkubwa. Atauliza tu ni lini alikiri na ni lini alipigwa.

Mshtakiwa akidai mahakamani kwamba alilazimishwa, au kwamba hakuyasema kamwe maneno yaliyoandikwa, hakimu au jaji husimamisha kwanza kesi kuu na kuendesha kesi ndogo ndani ya kesi. Katika Mahakama Kuu wazee wa baraza hutoka nje, ili wasiyasikie maneno ambayo huenda yakakataliwa. Afisa aliyeandika maelezo huulizwa maswali, hati za daktari hukaguliwa, na mshtakiwa hueleza upande wake. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba alisema kwa hiari. Na hata maneno hayo yakipokelewa, bado yako mizani. Katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba maneno ya kukiri ambayo mshtakiwa ameyakana au kuyarudisha yapokewe kwa tahadhari, na kwamba mahakama iridhike kabisa, katika mazingira yote ya kesi, kuwa ni ya kweli. Maelekezo hayo hutajwa mahakamani hadi leo.

Kumtambua mtu usiku

Uhalifu mwingi unaotusumbua hutendeka gizani. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa, asiye na chuki na mtu, na bado akawa amekosea sura. Hilo ndilo linaloogopwa na mahakama, kwani shahidi mkweli aliyekosea husema kwa uthabiti ule ule wa shahidi mkweli aliyepatia.

Katika kesi ya Abdalla Nabulere na wenzake dhidi ya Uganda, rufaa ya mwaka 1978, mahakama ilieleza mambo ya kuchunguzwa pale kesi inapotegemea utambuzi wa macho: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alimfahamu kabla ya hapo? Hali zikiwa nzuri, hatari ya kukosea hupungua. Zikiwa mbaya, mahakama hutafuta ushahidi mwingine wa kuunga mkono.

Kwa hiyo unapoandikisha maelezo yako polisi, usiishie kusema, "Nilimtambua." Eleza kama mbalamwezi ilikuwapo, kama taa ya sola ilikuwa inawaka barazani, mlisimama umbali wa hatua ngapi, na ulimjuaje: je, ni jirani, ni dereva wa bodaboda wa stendi yenu, au ni mtu uliyemwona siku hiyo tu? Yaseme siku ya kwanza. Jina linalotajwa kwa mara ya kwanza wiki mbili baadaye huzaa shaka, hata kama shahidi hana nia mbaya.

Jambo jingine la siku hizi ni picha. Mtuhumiwa akikamatwa, picha yake husambazwa katika makundi ya WhatsApp kabla shahidi hajaitwa kwenye gwaride la utambulisho. Baadaye wakili huuliza: "Ulimtambua kwa sababu ulimwona usiku ule, au kwa sababu ulimwona kwenye simu?" Swali hilo likikosa jibu, gwaride zima linapoteza thamani. Tafadhali, picha za mtuhumiwa zisisambazwe.

Vitu vinavyozungumza

Panga, nguo yenye damu, simu, alama ya kiatu kwenye matope: hivi vyote ni vielelezo. Havina chuki wala hofu, lakini vinahitaji mtu wa kueleza safari yavyo. Mahakama itataka kujua panga hili liliokotwa na nani, likakabidhiwa kwa nani, likatiwa alama gani, likahifadhiwa wapi, na nani alilipeleka maabara. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kikikatika, hakuna anayeweza kuapa kwamba panga lililoko mezani ndilo lile lililokutwa shambani.

Wakazi wa Mpondwe na Lhubiriha wanaujua umuhimu wa jambo hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya miili iliungua kiasi cha kutotambulika, ikalazimu sampuli za wazazi zichukuliwe kwa vipimo vya vinasaba ili kila familia ijue mtoto wake. Vipimo vya namna hiyo vina nguvu kubwa, ila vinasema kweli iwapo tu kila sampuli ilichukuliwa, ikaandikwa na kutunzwa bila kuchanganywa na nyingine. Utaratibu ni ule ule, iwe ni kuwatambua marehemu au ni kumtafuta mwuaji.

Basi panapotokea uhalifu, zungusheni kamba au matawi, mzuie watu kupita, na mwache kila kitu mahali pake hadi polisi wafike. Mvua ikinyesha, funikeni alama ya mguu kwa beseni, msiisogeze. Nguo yenye damu isifuliwe, wala isifungwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu huozesha. Karatasi ni bora. Mtu aliyebakwa asioge wala asibadilishe nguo kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake zitunzwe. Fomu ya Polisi namba 3A, ambayo daktari huijaza katika kesi za makosa ya kingono, hutolewa bure, kama ilivyo Fomu namba 3 kwa majeraha mengine.

Rekodi za simu nazo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaziruhusu kupokelewa, huku mahakama ikiangalia kama namna zilivyotengenezwa na kutunzwa inaaminika. Ukitumiwa ujumbe wa vitisho au ukaibiwa pesa kwa simu, usifute kitu. Njoo na simu yenyewe. Picha ya ujumbe iliyopita katika simu tano ina maswali mengi kuliko majibu.

Kitu kilichopatikana kwa njia isiyo halali

Je, polisi wakipekua bila kufuata sheria, lakini wakakuta kitu kweli, kitu hicho hupokelewa? Swali hili lina historia hapa kwetu Afrika Mashariki.

Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, mtu aliyeitwa Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa barabarani na kupekuliwa. Polisi walisema wamemkuta na risasi 2, na kwa kanuni za wakati ule adhabu ilikuwa kifo. Kanuni hizo hizo zilitaka upekuzi ufanywe na afisa mwenye cheo cha Inspekta Msaidizi au zaidi, nao waliompekua walikuwa chini ya cheo hicho. Kisu cha mfukoni ambacho mashahidi walisema alikuwa nacho hakikuletwa mahakamani. Rufaa ilifika hadi Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, na mwaka 1954 likaamua kwamba la muhimu ni kama ushahidi unahusiana na kesi, wala mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana. Lilikiri tu kwamba jaji ana hiari ya kuukataa pale ambapo kuupokea kungemwonea mshtakiwa. Rufaa ilitupiliwa mbali.

Uamuzi huo ulifuatwa kwa miaka mingi katika nchi zetu. Lakini katiba zilizokuja baadaye zimebadili hewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za Katiba utakataliwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Hapa Uganda, Ibara ya 27 inalinda mwili, nyumba na mali ya mtu dhidi ya upekuzi usio halali, na mawakili huitumia kupinga vielelezo. Kwa hiyo upekuzi ukifanyika kwako, una haki ya kuwajua maafisa waliokuja na kuuliza wanatafuta nini. Ni vyema mwenyekiti wa LC I au jirani awepo, na orodha ya vilivyochukuliwa iandikwe na kutiwa saini. Orodha hiyo inamlinda mwenye nyumba asiwekewe kitu, na inamlinda askari asisingiziwe.

Lugha na mpaka

Eneo letu lina lugha nyingi: Lukonzo, Rutooro, Runyankole, Kiswahili na nyinginezo, na ng'ambo ya mto, Kasindi, huongezeka Kifaransa. Mahakama zetu huendesha kazi kwa Kiingereza. Maelezo ya mtuhumiwa yanapaswa kuandikwa kwa lugha aliyoisema, asomewe, ndipo yatafsiriwe kwa Kiingereza, na aliyetafsiri awe tayari kuja kuthibitisha. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Kwa hiyo usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa, uwe mtuhumiwa au shahidi.

Kuhusu mpaka, tuchukue mfano. Pikipiki imeibwa Bwera, na habari zinasema imeonekana Kasindi. Vijana wanavuka usiku, wanamkamata mtu, wanampiga na kumrudisha upande huu pamoja na pikipiki. Kwao ni ushindi. Mahakamani maswali yanaanza: nani anathibitisha kwamba pikipiki ilikuwa mikononi mwake? Yuko wapi shahidi wa Kasindi? Aliletwaje Uganda? Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mpaka wa sheria bado upo. Toeni taarifa polisi upande huu, mkiwa na kadi ya pikipiki na namba ya chesisi, ili wenzetu wa ng'ambo waombwe kwa njia rasmi.

Neno la mwisho kuhusu jambo hili linawahusu wageni. Baada ya mashambulizi tuliyoyapata, hofu ni jambo la kueleweka. Mtu anayepita na kuzungumza kwa lafudhi ya ng'ambo anaweza kuitwa mwasi kabla hajaulizwa jina. Toeni taarifa ya mnachokishuku, na mtoe mapema. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, ili mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumhukumu. Ikiwa mtu huyo ni mwasi kweli, kipigo kinampa wakili wake hoja na kinatunyima sisi habari za wenzake. Na ikiwa ni mfanyabiashara wa samaki aliyepotea njia, damu yake itabaki mikononi mwa kijiji.

Maswali ya kujadiliwa barazani

Tunawaomba wenyeviti wa LC I, walimu na viongozi wa dini wayatumie maswali haya katika vikao vya polisi jamii:

1. Mtu amekamatwa na kahawa mbichi usiku, naye anasema ameinunua. Ni nani kijijini aliye na ushahidi wa moja kwa moja, na nani ana maneno ya kuambiwa tu?

2. Mtuhumiwa amekiri baada ya kuahidiwa kwamba hatapelekwa mahakamani. Je, maneno yake yatapita mlangoni?

3. Shahidi alimwona mshambuliaji kwa mwanga wa tochi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Ni mambo gani manne ambayo mahakama itamwuliza?

4. Panga limeokotwa na mtoto, likapelekwa kwa babu, kisha dukani, ndipo likafika kituoni. Ni watu wangapi watatakiwa kueleza safari yake?

Sheria inayomwachia mshtakiwa kwa kukosekana ushahidi halali ndiyo hiyo hiyo itakayomlinda mwanao siku atakaposingiziwa. Mwenye kutaka wahalifu wafungwe, awape mahakama kitu ambacho inaweza kukipokea: aseme alichokiona yeye mwenyewe, aache vitu mahali pake, azuie mkono unaotaka kupiga, na siku ya kesi afike mahakamani.